Sikusaini Mshushwe Mpakani

"Shuka mama. Basi linaishia hapa."

Konda aliponiambia hivyo, begi langu lilikuwa tayari chini, kwenye tope.

Jamani, hapo ni mpakani mwa wilaya. Katesh tumeshaiacha mbali, Dongobesh hatujafika. Kushoto shamba, kulia shamba, na mvua ya mwezi wa nne haina utani.

Nikamwambia hili basi siku zote linatoka Katesh mpaka Mbulu mjini. Nani kabadilisha?

Akanitazama vizuri usoni. Kisha akatoa simu yake, akanionyesha picha ya karatasi.

"Si wewe ndiye Natalia Tluway? Wewe ndiye uliyesaini."

Nikaivuta ile simu karibu na macho...

Niwaeleze kidogo. Njia yetu inapita wilaya mbili, Mbulu na Hanang, kwa hiyo ina kamati ya pamoja. Wanakaa watu wa huku na wa kule, wanapanga mabasi, saa na vituo. Abiria wa Mbulu nawawakilisha mimi. Wa Hanang wanawakilishwa na Hadiya Shumbana, mama wa duka la vitambaa Katesh.

Mimi na Hadiya hatuivi. Kila kikao ni saa ya basi kuondoka. Yeye anataka saa kumi na mbili, mimi nataka saa moja. Mara ya mwisho aliniambia mbele ya watu kwamba sisi wa Mbulu tunapenda kulala. Nikasusa.

Kikao kilichofuata kilinikuta Katesh, nalea binti yangu aliyejifungua. Kaka yangu Wolfgang, aliyemo kwenye kamati kwa upande wa wenye magari, alipopiga simu nikamjibu awaambie siendi, waamue wenyewe.

Sasa kwenye ile picha imeandikwa mabasi ya Hanang yaishie mpakani, ya Mbulu nayo yaishie mpakani, abiria wabadilishe gari. Chini, kwa niaba ya abiria wa Mbulu, jina langu. Na sahihi yangu, mpaka ule mkia wa herufi ya mwisho! Picha iliishia hapo.

Tulishushwa watu kumi na nne. Mmoja ni Angela, jirani yangu, anatoka hospitali na mtoto mwenye homa. Nikavua mtandio nimfunike yule mtoto.

Angela akanirudishia. Akamfunika mtoto kwa kanga yake.

Niamini, ningetukanwa ningeumia kidogo kuliko vile.

Tulikaa pale kwa saa tatu. Gari lililokuja kutuokoa lilikuwa Noah ya Wolfgang. Nikamshukuru Mungu, nikasema angalau ndugu yangu anajali watu.

Njia nzima nilikuwa na jina moja tu kichwani. Hadiya. Kila kikao tunasaini daftari moja, sahihi yangu anaijua. Nikasema safari hii tutajuana.

Alhamisi kamati ilikaa Dongobesh. Uenyekiti huwa wanapokezana, na zamu hiyo ilikuwa ya mzee mmoja wa Hanang. Nikaingia nimesimama wima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunionyesha kiti.

"Sikai, mzee. Kwanza niambiwe nani aliandika jina langu."

Akaniomba nisubiri ajenda ya mengineyo, mwisho wa kikao. Nikakataa. Nikawaeleza habari za mvua, za Angela, za mtoto. Kisha nikamgeukia Hadiya nikamwambia kama ana ugomvi na mimi apigane na mimi, asipigane na abiria wangu.

Hadiya alifungua mkoba wake, akatoa nakala yake ya makubaliano, akamkabidhi mwenyekiti, akamwomba aisome kwa sauti. Mwenyekiti akavaa miwani.

Mahali pa abiria wa Hanang hapakuwa na sahihi. Hadiya alikuwa ameandika kwa kalamu: "Sisaini. Natalia hawezi kukubali jambo hili. Aje aniambie kwa mdomo wake."

Mwenyekiti akaiweka karatasi mezani.

"Mimi nakujua kwa kubishana," Hadiya akaniambia. "Watu wakishushwa njiani wewe hunyamazi. Hiyo karatasi ililetwa na kaka yako, akasema unaumwa."

Nikageuka. Wolfgang alikuwa amekaa safu ya wenye magari, anaangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Noah ikaniingia akilini. Basi likiishia mpakani, nani anabeba watu mpaka Dongobesh? Kumbe baada ya ile simu yangu alinunua nyingine mbili...

Huyu ni kaka aliyenifundisha kuandika hilo jina, jamani.

Mwenyekiti alipoona machozi akasema kwa upole kwamba hilo ni la familia, tukalimalize nyumbani.

Nikajifuta uso.

"Jina langu halikusainiwa nyumbani, mzee. Limesainiwa kwenye karatasi ya wilaya mbili. Lifutwe hapa hapa."

Hadiya akasimama upande wangu. Akawakumbusha kwamba njia haibadilishwi bila wawakilishi wa abiria wote wawili, na hapo hakuna hata mmoja.

Makubaliano yalifutwa siku hiyo hiyo. Basi linapita mpaka mwisho, na Wolfgang ameondolewa kwenye kamati.

Mama yetu ananipigia kila Jumapili nimsamehe Wolfgang. Nimemjibu kwa heshima kwamba kaka akamwombe msamaha Angela kwanza, na wale wote walionyeshewa. Bado hajaenda. Na mimi sijalegeza.

Ila nawaambia ukweli, mlango niliufungua mimi. Nilipewa kiti cha kuwasemea watu, nikakiacha wazi kwa hasira zangu, na mtu akakikalia. Ukisusa kikao, kikao hakikususi. Kinaendelea kuamua, na jina lako lipo mezani.

Mimi na Hadiya? Jana tumebishana tena saa nzima. Basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Wewe ungemsamehe Wolfgang? Niambie hapo chini.