Chumba Walichoachiana

Mlango wa chumba cha mtoto ulikataa kufungika. Ukiurudisha, unafunguka wenyewe taratibu, na kwa Timazi hiyo ilikuwa aibu, maana aliupachika kwa mikono yake. Msikitini walimwita Timazi, jina la kamba ya fundi ya kupimia wima, kwa sababu hata saa ya ukutani ikikaa upande, fundi huyu hatulii.

Nyumba ilikuwa ya mjane na binti yake wa miaka sita. Waumini wa msikiti na wa kanisa walimjengea kwa kujitolea, miezi minne ya jasho na utani. Siku tatu nyuma waliibariki pamoja: wa kanisa wakianzia sebuleni, wa msikiti wakianzia jikoni, chumba kwa chumba hadi wakakutana. Wakala, wakakumbatiana, wakaondoka wamefurahi.

"Ni tangu siku hiyo, fundi," mjane alinong'ona. "Na harufu hiyo."

Nywele zilizoungua. Alasiri, jua linawaka, chumba kina baridi.

Timazi aliipigilia kamba yake, yenye kipande cha chuma mwishoni, juu ya fremu ili apime. Kipande cha chuma kilishuka, kikatulia, kisha kikasogea kuelekea chumbani, kikabaki hivyo kimeinama, kamba imekaza kama imeshikwa, na huko ndani mtoto aliyekaa kitandani akiutazama ukuta alikuwa akicheka kwa sauti ndogo, akinyamaza kusikiliza, akicheka tena.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na hawa, mama. Wamejaa. Wanasema kwingine kote wamefukuzwa. Hapa hawakuambiwa kitu."

Timazi alimpigia simu mchungaji.

"Mchungaji, chumba cha mtoto mlikiombea?"

"Hapana, ndugu yangu. Tulipofika mlangoni tuliwaona mnakuja, tukasema tuwaachie nyinyi."

"Sisi nasi tuliwaachia nyinyi."

Heshima tupu! Kila upande ulirudi nyuma usije ukamkwaza mwenzake, na chumba kikabaki kitupu kwa yeyote anayekitaka.

Mchungaji alifika mbio. Mtoto walimpeleka uani, asiogope. Timazi alisoma Kurani, mchungaji akaomba, safari hii kwa pamoja bila kungojana, na dirisha likagongagonga, rangi mbichi ikatoka malengelenge, harufu ikawakaba koo hadi machozi yakawatoka, wakaendelea tu, sauti zikiwakauka, mpaka kitu kikawapita katikati kwa baridi kali, kikatoka mlangoni, kikaelekea uani.

Kimya. Harufu haipo. Kamba ilining'inia wima, imenyooka kabisa. Timazi alicheka kwa faraja, mchungaji akampiga begani, mjane akalia na kumshukuru Mungu.

"Njoo, mwanangu, kumekwisha!"

Mtoto aliingia kutoka uani, akapita mbele yao kwenda sebuleni. Kipande cha chuma kikaiacha nafasi yake, kikamfuata alikopita. Aliporudi, kikarudi naye. Nywele zake zilinuka kuungua.

Mjane alipiga magoti, akamkumbatia binti yake aliyekuwa baridi kama sakafu.

"Mwombeeni! Mmoja wenu, jamani, aanze!"

Mchungaji aliinua mkono juu ya kichwa cha mtoto, akausitisha, akamtazama Timazi. Timazi naye alikuwa akimtazama yeye.

Mtoto akacheka kwa sauti ndogo, akanyamaza kusikiliza.