Kiti Kilichowekwa Miguu Juu

Jioni ile shangazi alinituma stoo nikaandike lebo moja tu. Ningekuwa mvivu kama anavyonisema kila siku, ningeiacha mpaka asubuhi, na leo nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Shangazi hununua vitu vya kale: vinyago, mabakuli ya mbao, ngoma zilizopasuka, vile ambavyo watu wamevisahau darini. Mimi naandika lebo, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Alinitoa shule nikiwa kidato cha pili. "Kwa muda tu," akasema. Muda huo sasa una miaka miwili.

Stoo ina sheria mbili. Usioshe kitu, maana masizi ndiyo umri wake. Na viti vyote vya mbao vikae kichwa chini, miguu juu. Niliwahi kuuliza kwa nini.

"Vumbi," shangazi akajibu.

Nikaamini. Vumbi lipo kweli.

Kiti chenyewe kililetwa mchana wa siku ile, kimefungwa kwenye shuka. Mteja wetu mkubwa angekuja saa moja jioni kukiona. Tulimwita Mzee Lenzi, kwa sababu ya kioo cha kukuzia anachokitundika shingoni. Aliniita mjukuu wangu. Aliniletea vitabu. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza, "Shule unarudi lini?" na akangoja jibu. Wiki ile alikuwa ameniahidi kunitafutia nafasi.

Kwa hiyo nilitaka lebo yake ipendeze kuliko zote.

Umeme ulikuwa umekatika. Nikasogeza kiti dirishani, penye mwanga kidogo. Huwezi kukieleza kiti kwa kutazama miguu yake, nikakigeuza. Kilichongwa kwa gogo moja, na uso wake uling'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ukingoni kulikuwa na mikono miwili ya kuchonga, mmoja kila upande, vidole vikielekea mbele. Katikati palibaki nafasi ya kiganja. Nikaandika: *mikono haikutani*.

Miguu iliniuma. Stoo nzima haina pa kukaa.

Nikakaa.

Kilikuwa na joto.

Si joto la jua. Dirisha lile halipati jua. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Nikamalizia lebo haraka, nikataka kusimama, sketi ikanivuta. Nikadhani ni msumari. Nikajipapasa huku na huku... hakuna msumari.

Nikajaribu tena. Miguu ilikuwa na nguvu, magoti yalikunjuka vizuri, lakini nyonga hazikubanduka. Nikainama mbele ili niinuke na kiti chenyewe. Hakikutikisika. Kiti nilichokibeba kwa mkono mmoja!

Ndipo nikasikia harufu. Moshi wa zamani, jasho, na mafuta ya nywele yaliyochacha. Ilitoka nyuma ya shingo yangu.

Kisha mbao ikalia chini yangu. Krrr... krrr... Taratibu, kama vidole vinavyonyooshwa baada ya usingizi mrefu. Nikateremsha mkono mbele, kwenye ile nafasi ya kiganja.

Nafasi haikuwepo.

Mikono ilikuwa imekutana.

Nilikuwa nimepakatwa.

"Shangazi!" nikaita. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto mchanga.

Alikuja na mshumaa, akasimama mlangoni. Hakuingia. Alikitazama kiti chini ya sketi yangu, akatazama lebo mkononi mwangu.

"Umekigeuza?"

"Nilitaka niandike vizuri."

"Ukakikalia."

"Nivute, shangazi. Tafadhali."

Akarudi hatua moja. Huyu ni dada wa baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita.

"Walioniuzia walisema hakipendi kuwa kitupu," akanong'ona. "Mama yao alikikalia mpaka alipozikwa. Nilidhani ni maneno ya kupandisha bei."

"Sasa mimi?"

Akatazama saa yake.

"Mzee hanunui kiti bila kukikalia. Unamjua. Wewe tulia tu, usiseme neno."

"Hapana, shangazi, si yule babu..."

"Basi kaa." Akafunga mlango.

Giza likaingia polepole. Nyuma yangu kitu kilivuta pumzi nilipovuta, kikaziachia nilipoziachia. Nikajaribu kuzibana pumzi zangu.

Kikaendelea peke yake.

Nikasikia gari. Nikasikia kicheko chake, na shangazi akicheka kuliko kawaida. Mlango ukafunguka, Mzee Lenzi akaingia na kurunzi, kioo kikining'inia kifuani.

"Ehe! Watoto wa siku hizi. Mkubwa anaingia, wao wamekaa kama wakwe." Akacheka. "Hicho ndicho kiti changu?"

"Ndicho," shangazi akasema. "Amekiona kizuri, kuinuka hataki."

"Ana jicho huyo. Haya, nipishe, mjukuu wangu."

Alipotamka nipishe, vidole vikalegea.

Kimoja. Kimoja. Krrr...

Nilijua maana yake. Ningeweza kubaki pale pale. Ningeweza kusema, babu, usikae, rudi kwenye gari lako. Maneno yalikuwa mdomoni, nayaonja. Shangazi akakohoa.

Nikasimama.

Mzee akakigonga kiti kwa kucha, akakimulika, akasifu. Kisha akakunja suruali magotini, akakaa.

"Kina joto," akasema, bado anatabasamu.

Tabasamu lile nimeliona likififia mara nyingi tangu siku hiyo, nikifumba tu macho. Alijaribu kuinuka. Akajaribu tena. Kisha akanitazama, hakumtazama shangazi, akanitazama mimi, na lebo yangu ikiwa bado mkononi.

"Magoti ya uzee," shangazi akasema haraka.

Hakuweza kuinuliwa mpaka aliposema mwenyewe, kwa sauti isiyo yake, "Nimekinunua." Hapo dereva wake na jirani wakambeba na kiti chake, chepesi kama kikapu, wakampandisha nyuma ya gari. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Dereva anasema bosi wake siku hizi hatoki chumbani, anakula hapo hapo, anasoma hapo hapo, na usiku anazungumza na mtu.

Jana dereva aliniletea barua. Mwandiko ni wa Mzee, ila mistari inapinda.

*Mjukuu wangu, nafasi ya shule nimeipata, kama nilivyokuahidi. Fomu iko hapa kwangu, inataka mwandiko wako mwenyewe. Njoo ujaze. Mimi nitakupisha.*

Shangazi ameisoma mara mbili. Amefua sare yangu ya zamani, ameinyoosha, ameitundika msumarini.

"Bahati haigongi mlango mara mbili," ananiambia. "Nenda."

Dereva ananingoja nje tangu asubuhi. Amefungua mlango wa gari. Ananiambia nikae mbele.

Nimeandika haya yote nikiwa nimesimama.