Sisikii, Shimwa

Gisa aliinua marakuja ya tatu, akaisogeza puani, akavuta pumzi macho yamefumbwa, kisha akairudisha juu ya fungu. Soko la Kamembe lilikuwa limefurika. Wabebaji wa ndizi walimsukuma huku na huku, naye hakubanduka.

"Weye," mwenye meza alimwambia, "unanusa matunda yangu kama mbwa ya duane kwenye mpaka. Unatafuta bangi?"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Gisa akafumbua macho. Mbele yake alisimama msichana mrefu, kitenge cha manjano kiunoni, nywele zimesukwa mistari myembamba, sikioni hereni moja tu. Ya pili ilipotea asubuhi ile na hakujali.

"Dada, unaweza kunionjea moja?"

"Nikuonjee? Kinywa yako iko wapi?"

"Nataka kuambiwa na mwenyewe."

Msichana, Shimwa kwa jina, alipasua tunda kwa kidole gumba, akafyonza. "Uchachu mbele, sukari nyuma. Mwisho kabisa, majani ya muchaichai."

Gisa alinunua fungu zima.

Siku ile hakumwambia kwamba alikuwa mtengenezaji wa bia. Nyuma ya nyumba aliyopanga alikuwa na mapipa matano, na kila pipa lilikuwa na bia yake: mtama na asali, kahawa ya Nyakarenzo, marakuja. Wateja wake walikuwa vijana waliotaka kitu kipya kila wiki. Walipiga picha ya povu kabla ya kunywa, wakainua glasi kwenye mwanga kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Bia ya kawaida waliiita maji ya wazee. Wazee nao walisema bia ya Gisa ni juisi yenye kiburi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba tangu homa ya Aprili pua yake ilikuwa imezimika, na ulimi wake haukutofautisha asali na uji.

Kesho yake alirudi sokoni na chupa ndogo mkobani. Na keshokutwa.

"Sheri wangu, hii unasikia nini ndani?"

"Moshi. Na mukate yenye kuungua kidogo, ile unakula kwa kujificha."

"Nani alikufundisha?"

"Nyanya yangu wa Nkanka. Alikuwa anatengeneza pombe ya ndizi, na miye ndiye nilikuwa naonja." Akamchoma kidole kifuani. "Unauliza sana, kama mwalimu. Weye mwenyewe unasikia nini?"

"Miye nakusikia weye tu."

Alisema kwa mzaha, naye Shimwa akacheka. Ilikuwa kweli tupu.

Miezi miwili baadaye, siku ya Jumapili, Gisa alialikwa nyumbani kwa kina Shimwa. Mzee Bizimana, baba yake Shimwa, alikuwa seremala aliyekulia Bukavu. Ng'ambo zote mbili za mto Ruzizi, anayeleta pombe huinywa kwanza yeye, mbele ya anayepewa, ili yule ajue haina sumu. Gisa alilijua hilo tangu utoto. Lakini safari hii alitaka kumshangaza Shimwa, akajaza chupa bila kumpa aonje kwanza. Sasa, katika shati jeupe lililopigwa pasi, aliogopa swali moja tu ambalo anayeonja huulizwa: inasikika namna gani?

Akamimina, akampa mzee glasi moja kwa moja. "Papa, siku hizi kwetu muzee ndiye anaanza."

Mzee aliinusa, akaiweka chini taratibu.

"Kijana, hii ni siki. Na weye umekataa kuionja mbele yangu."

Gisa aliinuka akaondoka. Shimwa alibaki mlangoni na sahani ya dagaa wa sambaza waliokaangwa.

Kwa siku nne alipiga simu ya Gisa, ikawa imefungwa. Siku ya tano asubuhi, Gisa akapiga.

"Ulijua ni siki, ukamuletea baba yangu?"

"Sisikii, Shimwa."

"Ni rezo ya simu? Toka nje."

"Haiko rezo. Sisikii."

"Basi nitapiga makelele: ULIJUA NI SIKI..."

"Pua, sheri! Pua yangu haisikii. Wala ulimi. Tangu mwezi ya ine."

Shimwa akakaa juu ya gunia. "Na yale marakuja?"

"Hata yale."

"Na kila siku kuniuliza, unasikia nini, unasikia nini..."

"Weye ndiye ulikuwa unatengeneza bia. Miye nilikuwa nakoroga tu. Niliogopa ukijua utaniacha."

Shimwa alivuta pumzi ndefu, ya kwanza iliyoshuka hadi tumboni tangu Jumapili. Hakuna aliyemdharau baba yake. Kilichokuwako ni pua mbovu.

"Mujinga weye. Usiuzishe hata chupa moja. Niko nakuja."

Alionja mapipa yote kwa kijiko. La kwanza zima. La pili zima. La tatu akatema. "Mwaga hii." La nne na la tano yalikuwa mazima. Akaketi juu ya kreti tupu, akacheka hadi akajifuta macho kwa kitenge.

"Mutengenezaji wa bia bila pua!"

"Sema yote."

"Ni kama kinyozi kipofu. Na miye nilikuwa nakuletea kichwa yangu!"

Jumapili walirudi pamoja. Gisa alimimina, akanywa kwanza, akameza, mzee akimtazama.

"Papa, nimeonja. Lakini homa iliniharibu pua. Miye sisikii kitu." Akampa Shimwa glasi.

Shimwa akanywa. "Mutama. Asali. Marakuja nyuma. Siki haiko."

Mzee aliwatazama kwa zamu. "Kwetu anaonja aliyeleta. Sasa mumeonja babili. Hii bia imeletwa na nani?"

Hawakuwa wamepanga jibu.

"Sisi, Papa," walisema kwa mpigo mmoja, kisha wakatazamana.

Mzee akatwaa glasi, akashusha nusu, akafuta povu mdomoni.

"Ingali juisi," alisema. "Na neno kama hilo halisemwi na batoto babili peke yao. Kijana, siku ya posho, Jumamosi, ulete bazee bako. Na bia ya kutosha."

"Ya namna gani, Papa?"

Mzee akamnyooshea Shimwa kidole. "Uliza pua yako."