Babu Aliyeachwa Jikoni

"Laki sita na nusu, Rodion Yermolaevich! Laki sita na nusu za rubli nilikuhesabia juu ya boneti ya gari lako, noti kwa noti, nawe kwa mdomo wako ukasema nyumba ni tupu!"

"Ilikuwa tupu."

"Tupu!"

"Dada, nilitoa kabati, nikatoa kitanda, nikatoa hata picha za marehemu ukutani. Unataka nitoe nini tena? Panya? Nyumba gani ya kijijini haina panya?"

Taisia akaielekeza simu kwenye jiko, lile jiko kubwa la matofali ambalo Kapitolina, mama yake Rodion, alilala juu yake kila majira ya baridi mpaka alipokufa. Ndani ya jiko, ambamo moto haukuwa umewashwa, kitu kilipigwa ukutani kikaguna.

"Umesikia?"

"Nasikia mwanamke anayepiga kelele," Rodion akasema, akakata simu.

Hivyo ndivyo alivyojibu mtu aliyelipwa kamili.

Hapa Zarechye hakuna asiyejua kwamba kila nyumba ina mwenyewe anayekaa nyuma ya jiko. Tunamwita Babu. Ukihama, unamwekea buti kuukuu la sufu, unamwambia, "Babu, panda, twende zetu," kisha unaliburuta mpaka nyumba mpya. Hata wanaomcheka padri hufanya hivyo, mlango wakiwa wameufunga. Usipomchukua atabaki akilia, na kilio kikimwisha, ataanza hasira.

Taisia alimchukua wa kwao. Yeye na mumewe Gleb, fundi wa kuchomelea vyuma, waliuza chumba chao cha mjini na kila kilichomo, wakaja na binti yao Marfa wa miaka minne. Nyuma hawakuacha hata pa kulaza kichwa. Taisia akaliburuta buti lake likavuka kizingiti, akaweka bakuli la maziwa chini ya jiko, akalala kwa amani.

Asubuhi bakuli lilikuwa limepinduliwa, maziwa yamemwagika, na buti liko nje kwenye ngazi. Mlango ulikuwa bado na komeo.

"Babu yako hajapenda maziwa ya pakiti," Gleb akacheka. "Ni wa mjini, anataka kahawa."

Aliendelea kucheka walipopaka chokaa ukuta wa jiko, na chokaa ilipokauka zikajitokeza alama za vidole, vyeusi na vifupi, kila ncha ikiwa na kucha. Alicheka kidogo aliposimamisha upya pembe ya jiko iliyopasuka, kisha akayakuta matofali yake yamepangwa sakafuni, safi, bila hata chembe ya udongo. Lakini siku aliyorudi akakuta misumari yote ya sakafu mpya imeng'olewa na kusimamishwa wima, ncha juu, kuanzia jikoni mpaka kwenye kitanda cha Marfa, Gleb hakucheka. Alipiga magoti, akaiokota mmoja mmoja, huku anatukana kwa sauti ya chini.

Baadaye zikaanza sauti. Huku kwetu mwezi wa kumi na mbili jua huzama saa tisa unusu, basi walikuwa mezani, kabichi chachu iko kwenye sahani, taa inawaka, na nyuma ya jiko wakawasikia wawili. Mmoja mzito, anakoroma kama mbwa mzee aliyenyang'anywa mfupa. Mwingine mwembamba, analia kama paka aliyebanwa na mlango. Na wakaviringishana ndani ya ukuta, wakapanda na dohani, wakaporomoka na masizi, wakapita chini ya sakafu pale pale miguu yao ilipokuwa, huku harufu ya sufu mbichi ya kondoo na majivu ya baridi ikijaa mpaka chakula kikawashinda, na yule mwembamba akazidi kulia, akazidi, kisha akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo.

"Gleb," Taisia akanong'ona. "Huyo anayepigwa ni wetu."

"Usiseme kitu mbele ya mtoto."

Walipogeuka kumtazama mtoto, Marfa alikuwa anahema kwa shida, uso umebadilika rangi, viganja amevibana kifuani kama anayesukuma gunia. Nywele zake, alizokuwa amezifungua kwa ajili ya kuoga, zilikuwa zimesukwa msuko mmoja mkavu, mgumu kama kamba ya ng'ombe, umekaza mpaka nyusi zimepanda juu.

"Amenikalia," mtoto akasema. "Mzito. Anamtaka Kapa."

Kapa ndilo jina la nyumbani la Kapitolina. Hakuna aliyewahi kumtajia mtoto.

Taisia akamkimbilia Bibi Fedosya, mnong'onezaji wetu, mwanamke mwenye mdomo mkali anayeponya kila mtu kwa kumgombeza. Aliingia, akanusa, akakataa kiti.

"Mmewaweka wawili, wajinga nyie. Fahali wawili zizi moja?"

"Mfukuze wa Kapitolina, Bibi, nakuomba."

"Nimfukuze kwa lipi? Yuko kwake! Mgeni ni wenu. Na wenu ukimtoa sasa hivi, mtaishi na huyu asiyewajua, na kifua cha mtoto ndicho alichochagua kukalia." Akaugusa ule msuko kwa ncha ya kidole. "Msiukate. Mkiukata, pumzi nayo itakatika. Wa kumwita ni mwenye damu. Kapitolina alizaa mmoja tu, na huyo mmoja, Mungu anisamehe, heri angezaa kabichi."

Gleb akawasha lori, akaenda mjini kwa Rodion. Sijui walisemezana nini huko mjini. Ninachojua ni kwamba Rodion alirudi kwenye kiti cha abiria, kola imechanika, gari lake likifuata nyuma na shemeji yake akiliendesha.

"Huu ni utekaji," akasema mlangoni. "Nitakupa elfu hamsini, dada, tuyamalize. Kama watu."

"Sitaki hela yako. Mwite."

"Mke wangu hataki uchafu huo kwenye..."

"Mwite!"

Ndani, jiko likaguna. Rodion alibadilika rangi, na sauti yake ikawa ya kitoto. "Atanifanyia kitu. Hamjui. Mama alinipigia simu Januari ile, akaniambia kuni zimekwisha, nikamwambia nitakuja Jumapili. Akapiga tena. Nikazima simu. Wakati analia, aliyekuwa naye ni huyo tu."

Bibi Fedosya alitema mate kando, akachomoa chini ya benchi buti la Kapitolina lililosahauliwa hapo, la sufu ya kijivu, kisigino kimetiwa kiraka, akamsukumia kifuani.

Rodion akapiga magoti mbele ya jiko. "Babu," akasema, "Babu, panda. Twende kwangu. Kuna joto." Taa ikaanza kutikisika, kisha masizi yakamwagika taratibu kama yanayomiminwa kwa mkono, na lile buti lililokuwa limelala ubavu likajaa mbele ya macho yao, kuanzia vidoleni mpaka juu, kama mguu unavyoingia, likasimama. Rodion alilibeba kwa mikono miwili, anajikwaa. Mtu mzima, anahema kwa buti moja! Akalitia kwenye gari, akaondoka bila kuaga.

Msuko wa Marfa ukafunguka wenyewe. Akavuta pumzi ndefu, akaomba mkate. Maziwa ya chini ya jiko yalinywewa usiku ule mpaka bakuli likang'aa, na Taisia alilia kwa furaha, uso ameufukia kwenye mto wa kitanda.

Asubuhi mama wa posta akagonga, mashavu mekundu, mkononi ameshika kitu kwa ncha za vidole.

"Hili si la marehemu Kapitolina? Nimelikuta kwenye kona ya daraja, limerushwa shimoni. Limesimama wima, halina kitu ndani."

Taisia alitazama nyuma ya mabega ya mama huyo. Theluji ilikuwa mpya. Ndani yake nyayo ndogo, za miguu yenye manyoya, zilitoka darajani, zikapita uzio, zikaja moja kwa moja mpaka ngazini. Za kurudi hazikuwepo.

"Mama," Marfa akaita kutoka juu ya jiko, kwa sauti nyembamba, ya kubanwa. "Babu mzito amerudi. Ana baridi. Anasema yule mtu alimwambia kuna joto."

Nyuma ya ukuta yule mwembamba akaanza kulia.

Taisia hakupiga kelele. Alilipokea buti, akakaa kando ya mwanawe, akaweka kiganja kwenye kile kifua kidogo kilichokuwa kinazama, akapiga simu. Ilipopokewa hakusalimia.

"Nina buti lako mkononi, Rodion Yermolaevich. Njoo umchukue babu yako."