Gari Lisilo na Jiko

Upepo uliunyakua mlango wa gari mara Hallbera alipoufungua, na yeye akachelewa kuuachia. Ukamzoa, akatumbukia mtaroni, maji ya theluji hadi kiunoni.

Ketill, mumewe, alimburura kwa ukosi wa koti hadi ndani. Gari lao jipya la kulala safarini lilikuwa limeserereka nje ya barabara, juu kwenye nyanda za mawe za kaskazini mwa Aisilandi, injini imeingia maji na kuzima. Waokoaji walisema kwenye simu: msitoke, tutakuja upepo ukipungua.

Ketill aliufunga mlango kwa kamba. Hallbera alitetemeka mpaka meno yakagongana, goti limevimba.

"Kikombe kimoja tu cha maji ya moto," alisema. "Lile gari jingine tulilooneshwa dukani lilikuwa na jiko, Ketill. Bei ile ile. Ukasema eti mapazia yatanuka samaki. Wewe, mtoto wa mvuvi."

Ketill alimvua nguo zilizolowa, akamkausha kwa sweta lake, akamfunika mablanketi ya sufu. Akajilaza nyuma yake na kuibana miguu ya mkewe, baridi kama barafu, katikati ya mapaja yake mwenyewe. Aliguna kwa baridi, lakini hakuisogeza.

"Tafuna," alisema, akimpa kipande cha samaki mkavu chenye siagi.

Hallbera alitafuna kidogo. Kisha akaacha kutetemeka, na hapo Ketill akaogopa kwelikweli: mwili wenye baridi ukiacha kutetemeka, mtu yuko karibu kufa.

"Usilale, mke wangu. Nitukane."

"Huna akili," alisema kwa ulimi mzito.

"Endelea."

"Kwa nini hukutaka jiko?"

Upepo ulilitikisa gari. Ketill alisogeza mdomo sikioni mwa mkewe.

"Lile la jiko lilikuwa na vitanda viwili vyembamba, huku kimoja na huku kimoja. Nyumbani ulihamia chumba cha pili kwa sababu ya kukoroma kwangu. Ukasema ni kwa muda tu. Miaka imepita, Hallbera. Nimechoka kulala peke yangu."

Hallbera aliuvuta mkono wa mumewe, akaukumbatia kifuani. Baada ya kitambo akaanza tena kutetemeka, na Ketill akalia kwa furaha.

Upepo ulipotulia, gari la waokoaji lenye magurudumu makubwa lilifika. Mwokoaji mmoja, binti aitwaye Una, alimmiminia Hallbera kakao ya moto, akachungulia ndani.

"Hamna hata jiko, mama? Mkinunua jingine, chukueni lenye jiko."

Hallbera alimpa Ketill kikombe anywe kwanza.

"Tuliliona," alisema. "Lakini mimi na huyu tunalala kitanda kimoja."