Mkasi Uliochelewa

Kila siku akitoka shule, Kifungo alipitia kwenye duka la ushonaji la familia yao. Alitundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua sumaku na kutambaa chini ya meza kuokota pini zilizodondoka tangu asubuhi. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda na kushona vifungo vya mashati. Jina lile alipewa na babu yake, maana binti huyo alizaliwa mdogo na wa mviringo. Jina lake la kwenye cheti lilijulikana kwa walimu tu.

Duka lilikuwa na mafundi wawili. Wa kwanza alikuwa Babu, ambaye wateja walimwita Fundi Mkubwa. Alikuwa na miaka themanini na saba, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama rula. Wa pili alikuwa mwanawe, yaani baba yake Kifungo, na huyo aliitwa Fundi Mdogo. Mteja mgeni akiambiwa, "Mpe Fundi Mdogo nguo yako," alitupa macho huku na huku akimtafuta kijana. Akionyeshwa mzee wa miaka sitini na moja, kichwa cheupe pe, amejikunja nyuma ya cherehani, alicheka mpaka akashika mbavu. Baba naye alicheka pamoja naye. Kifungo hakuwahi kuona cha kuchekesha.

Sheria ya duka ilikuwa moja: anayekata ni mmoja. Ukishona vibaya utafumua, lakini kitambaa kikishakatwa ndiyo basi. Kwa hiyo mkasi mkubwa, mweusi na mzito, ulishikwa na mwenye duka peke yake. Babu aliupata akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ile baba yake alipofariki kwa homa. Zama zile wanaume wa ukoo wao hawakufika hamsini. Baba mtu alizikwa, mwana akashika mkasi, na kazi ikaendelea.

Babu yeye aliishi. Kulikuwa na maji safi, kulikuwa na dawa, kulikuwa na mkaza mwana muuguzi aliyempima presha nyumbani. Aliishi na kuishi, na familia nzima ilimshukuru Mungu kwa hilo. Mkasi nao ukabaki mkononi mwake. Baba alikuwa amejiapiza kwamba hataoa mpaka awe mkataji, kwa sababu mwanamume wa kwao alioa akiwa na mkasi wake. Akangoja hadi mvi zikaota. Mwishowe Mama akamuuliza, "Unaningoja mimi, au unangoja msiba?" Ndipo wakaoana, na Kifungo akazaliwa na baba wa umri wa babu za wenzake.

Kifungo alikuwa na hamu moja tu katika duka lile. Alitaka kumwona baba yake akikata nguo, hata moja, kabla hajazeeka kabisa.

Kabla ya hilo kutokea, yalianza mambo ya macho. Kwanza Babu alimwomba mjukuu wake amtungie uzi kwenye sindano. Kisha Kifungo akagundua kuwa mistari ya chaki ya Babu ilikuwa ikitoka nje ya kipimo, upana wa vidole viwili hivi. Siku moja sketi ya mteja ilitoka pana kama gunia, na Babu akamlaumu mteja kwa kukonda. Jioni ile Mama alimwambia Babu taratibu, "Baba, twende tukapime hayo macho. Huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, siku hizi unatibiwa vizuri tu."

"Mtoto wa jicho!" Babu aliguna. "Watoto niliolea wanatosha."

Basi Kifungo akatafuta dawa yake mwenyewe. Kila alasiri Babu alipitiwa na usingizi kwenye kiti chake kabla ya kukata. Kifungo alipima upya kwa futi, akafuta mstari kwa kitambaa kibichi, akachora mwingine ndani kidogo. Hakumwambia mtu. Alimpenda babu yake, na aliona afadhali adanganye kuliko watu wamcheke mzee wake. Baba apate mkasi, ndiyo, lakini si kwa aibu ya Babu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipoingia Bwana Harusi. Huyo alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, msafi, mwenye maneno mengi, na alikuwa anaoa mwisho wa wiki. Wanawe walikuwa wamenuna. "Wananiambia nitulie," alimwambia Babu huku akipimwa kifua. "Nitulie vipi, Fundi? Daktari amenisikiliza moyo akasema huu una miaka ishirini mingine. Niikae yote na redio?" Babu akacheka mpaka futi ikamponyoka.

Kitambaa alikileta mwenyewe, cha kijivu, laini. Mkewe marehemu ndiye aliyekinunua zamani na kukiweka sandukuni, na kabla ya kufa alimwambia, "Ukipata wa kukupikia chai, hiki ushonee suti." Hakikuwa kitambaa cha kwenda kutafuta tena dukani. Kilitosha koti, suruali na kizibao, na ziada yake ilikuwa vipande vya kufutia mafuta ya cherehani.

Siku ya kukata, nje kulikuwa na mafundi wa bati wakigonga, na usingizi wa Babu ukawa mwepesi. Kifungo aliona hana muda wa kupima. Mkono ulishazoea: mstari wa Babu hutoka nje vidole viwili, basi unaurudisha ndani vidole viwili. Akafuta, akachora, akarudi kwenye vifungo vyake. Babu akaamka, akashika mkasi, akakata palepale kwenye chaki. Baba alipopokea vile vipande alivitandaza magotini na kuvitazama muda mrefu. Akamwangalia baba yake. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, akaanza kukanyaga cherehani.

Bwana Harusi alikuja kujaribu koti siku mbili kabla ya harusi. Mkono wa kulia uliingia, wa kushoto ukaingia kwa kusukumwa, na hapo ndipo koti lilipogoma. Alivuta pumzi, akalivuta, lakini kifungo na tundu lake havikukutana. Akajaribu kutania kuwa ni furaha imemjaa kifuani. Hakuna aliyecheka. Alipapasa kitambaa kile taratibu.

"Umenenepa," Babu alisema.

"Nimepungua, Fundi. Nilipimwa juzi."

Babu akageuka. "Nani amegusa kazi yangu?"

Kifungo aliinuka kwenye kigoda. Kabla hajapata neno, Baba alisimama nyuma ya cherehani. "Ni mimi, Baba. Nimekula kitambaa kingi kwenye mishono."

Ilikuwa kama kutia kiberiti kwenye nyasi kavu. Babu alimfokea mbele ya mteja kama anavyofokewa mtoto aliyevunja sahani. "Mvi kichwa kizima, mshono hujui! Halafu watu wananiuliza kwa nini sikupi mkasi. Nikupe wewe? Utakata nini?" Baba aliinamisha kichwa. Mikono aliishusha mapajani. Kifungo alimwona baba yake, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akipepesa macho ili asilie.

"Si yeye!" Kifungo alipiga kelele. "Ni mimi, Babu! Nilihamisha chaki yako. Huwa ninahamisha kila siku, kwa sababu macho yako... mistari yako inatoka nje. Juzi sikupima. Nisamehe, Babu."

Babu alirudi kwenye kiti chake akakaa polepole. "Huwa inatoka nje," alisema. "Najua. Mimi mwenyewe nilishajua, mjukuu wangu. Baada ya ile sketi nikaanza kuvuta mkono ndani. Siku nyingi hautii, lakini siku ya koti hili ulitii." Akamwangalia mwanawe. "Na wewe? Ulipopokea vile vipande?"

"Niliona ni vyembamba," Baba alijibu.

"Ukanyamaza."

"Nitakwambiaje kuwa umekosea? Wewe ni baba yangu. Nilipitisha mishono ukingoni kabisa mwa kitambaa, nikaomba Mungu litoshe."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa watatu walikuwa wameficha ugonjwa mmoja, kila mtu kwenye kona yake, kwa heshima na mapenzi, na kilichowaumbua ni koti la mtu anayeoa.

Bwana Harusi ndiye aliyepata njia. Alivua koti akaliweka mezani. "Chukueni kitambaa cha kizibao," alisema. "Kwani nani atatazama kizibao cha mzee? Kateni mbavu za koti muongezee."

Babu alishika mkasi, akautazama karibu kabisa na pua yake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwenye duka lile aliyewahi kulifanya akiwa hai: akamnyooshea mwanawe. "Kata wewe."

Baba hakuupokea mara moja. "Nimeusubiri huu miaka arobaini," alisema kwa sauti ndogo.

"Mbona hukuwahi kuniomba?"

"Kuomba mkasi ni kama kumwambia baba yako afe."

Babu alimkodolea macho yake yenye ukungu. "Mimi sikuomba, ni kweli. Nilipewa na msiba. Wala sikujua kuna namna nyingine ya kupewa. Nilikuwa nakuona umekaa tu kwenye cherehani mwaka baada ya mwaka, nikasema, huyu hautaki. Nikasema, mwanangu hana hamu."

Kifungo alitamani kuziba masikio. Miaka arobaini, na neno lenyewe lingesemwa kabla chai haijapoa.

Baba alitandaza kitambaa cha kizibao, akapima, akachora mstari ulionyooka vizuri. Akaingiza vidole kwenye mkasi, na kidole gumba kikakataa. Viungo vya mkono wake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, mafundo matupu, kwa kuinamia cherehani maisha yake yote. Alikilazimisha hadi kikaingia. Akafunga mkasi mara moja, uso ukamkunjamana kwa maumivu, na makali yakatafuna kitambaa badala ya kukikata. Akajaribu tena. Mkasi haukufunga. Akauchomoa mkasi kidoleni kwa shida na kuuweka mezani, na safari hii hakujizuia, alilia. Hakuna aliyejua mahali pa kutazama.

Alipomaliza kujifuta alimwita binti yake. "Njoo, mwanangu. Mstari nimechora mimi. Nitakushikia kitambaa. Usifanye haraka."

Kifungo alikata. Mkasi ulikuwa mzito, akautumia kwa mikono miwili, na Baba alikuwa akisema, "Hapo, ndiyo, fuata, fuata." Kabla ya harusi koti lilikuwa tayari. Lilikuwa na mbavu za viraka ambavyo mtu asingeviona asipoonyeshwa. Bwana Harusi alilifunga vifungo vyote, akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kuoa.

Wiki iliyofuata Babu alikubali kwenda hospitali na Mama. Akafanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, moja baada ya jingine, na siku ya kurudi dukani aliingia peke yake bila kushikwa mkono. Alitazama meza, kuta, cherehani. Alimkuta Kifungo akipanga vifungo, akamwambia amekuwa msichana mkubwa. Kisha akamtazama Baba, na hapo akasimama. Alisogea karibu, akamgusa nywele kama mtu anayepima ubora wa uzi.

"Umezeeka," Babu alisema. "Umezeeka lini, mwanangu?"

Zamani Baba angecheka na kusema bado kijana. Siku ile alijibu kwa adabu, lakini alijibu kweli. "Nikikusubiri, Baba."

Babu alikaa. Kwa muda mrefu alikuwa akiangalia mikono ya mwanawe, yale mafundo ya viungo aliyokuwa hajayaona sawasawa. Hatimaye akamwita mjukuu wake.

"Kifungo, sikia, nami sitarudia, kwa sababu linaniuma. Zamani tulikufa mapema, na kifo ndicho kilichogawa kazi. Hakukuwa na haja ya kusema. Sasa tunaishi. Mimi naweza kufika mia, na baba yako naye akanifuata nyuma. Kile kilichokuwa kikifanywa na kifo sasa lazima kifanywe na midomo yetu. Mkubwa aseme, 'Nimechoka, shika.' Mdogo aseme, 'Nataka, nipe,' na kama mkubwa anakosea, amwambie kwa heshima akingali anasikia. Wewe ulinificha makosa yangu ukidhani unanipenda. Baba yako alificha hamu yake akidhani ananiheshimu. Mimi nilificha macho yangu. Tazama tulichopata."

"Ndiyo, Babu."

"Nikikosea, utaniambia?"

"Nitakwambia."

Babu akamgeukia mwanawe akamwomba radhi. Baba akasema yamepita, na ilikuwa kweli, yalikuwa yamepita. Mezani kulikuwa na kitambaa cha gauni kinachosubiri. "Nimechoka, shika," Babu alimwambia Kifungo. Kifungo akachukua mkasi, na baba yake akasimama upande wa pili wa meza kumshikia.