Udongo wa Nduka

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Bibi Ugoeze alikaanga akara za kunde, Ozoemena mwanawe akanyoa ndevu, na mjukuu Okwudili, mwenye digrii ya historia na miaka minne ya kushinda nyumbani, akapewa jogoo mweupe wa tambiko ambebe.

"Leo digrii imepata kazi," baba yake akamtania.

"Tena mshahara ni supu, Papa. Serikali haijawahi kunipa hata mfupa."

Walikuwa wanakwenda kumleta Nduka, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliyefia vitani Biafra hajafika hata miaka kumi na saba. Aliyefia mbali huitwa kwa jina juu ya kaburi lake. Akikubali, udongo uliofungwa kitambaani huwa mzito, na ndipo huzikwa nyumbani. Asipoitwa hutangatanga. Miaka yote Ozoemena alisema kaburi la mdogo wake halijulikani. Juzi matangani, askari mstaafu mmoja akamwambia Bibi kikosi cha Nduka kimelala nyuma ya hospitali ya misheni.

"Mimi naondoka karibuni," Bibi alisema. "Siondoki na mwanangu yuko nje."

Huko palikuwa na misalaba ya zege, safu tatu fupi. Mapadri waliwazika waliokufa wodini, wakawaandika majina. Vita vilipokwisha hakuja mtu. Si walioshinda, si wakubwa waliowapeleka kufa. Mbuzi tu ndio waliokuwa wakija, na wao walifuata majani.

"Nduka!" Bibi akaita. "Nduka, mwanangu, twende nyumbani!"

Kitambaa chenye udongo wa hapo kilibaki chepesi mkononi mwa Okwudili.

Okwudili akaanza kusoma misalaba, mmoja mmoja. Mwisho wa safu akasimama. Alisoma. Akasoma tena.

"Papa," akanong'ona. "Hapa pana jina lako. La ukoo pia."

Ozoemena hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Okwudili.

"Sema," Bibi akamwambia mwanawe.

"Wanajeshi walinijia mimi, Nne, mama yangu. Alfajiri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikawaambia Ozoemena ni yule pale, aliyelala."

"Uliniambia alijitolea."

"Nilikuwa naogopa."

"Na yeye hakuogopa?"

Bibi akapiga magoti mbele ya msalaba ule, akachota udongo, akaufunga kitambaani, akampa Okwudili.

"Nne, usiite jina hilo! Mimi bado niko hai!"

"Ulimpa mwenyewe. Ni lake."

"Nne, nakuomba..."

"Ozoemena!" Bibi akaita. "Ozoemena, mwanangu, twende nyumbani!"

Jogoo akalegea. Upepo ukakatika. Kitambaa kikavuta mkono wa Okwudili mpaka ukagusa nyasi.

Walirudi bila kusema. Anayembeba maiti wake haongei, wala hageuki. Nyuma yao Okwudili alisikia hatua za baba yake. Kisha akasikia nyingine.

Waliuzika udongo nyuma ya jiko. Ozoemena akakaa barazani. Jirani, Mazi Anyanwu, akapaza sauti ng'ambo ya ua:

"Ozoemena! Upo, bwana?"

Ozoemena akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Nyuma ya jiko, chini ya udongo mbichi, sauti ya kijana inayoanza kuvunjika ikaitika:

"Nipo!"

Mpaka leo anayemtaka Ozoemena huenda kumgusa bega. Hakuna anayethubutu kumwita. Bibi peke yake ndiye huita jina lile, kila asubuhi, akiwa amempa mgongo mwanawe na uso ameuelekeza nyuma ya jiko.